Kipande cha Papa Kabla ya Kulala

Hadithi hii kila nikiianza uso wangu unapata joto, kwa hivyo wacha niiseme upesi kabla sijaghairi: nilimwonea wivu msichana wa watu kwa sababu ya mbwa, na kwa wivu huo nikaifanya nyumba yangu inuke mkojo majuma na majuma, na mwisho mbwa huyohuyo akaniumbua mbele ya jumuiya yetu ya Kikatoliki pale Ganjoni, akina mama wamekaa na rozari zao mikononi. Chekeni tu. Mume wangu alianza zamani.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, mimi na Kyalo hatujamaliza hata mwaka wa pili wa ndoa. Kyalo alikuwa karani Kilindini, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na bosi wake Mzungu alipokuwa anarudi kwao akamwachia mbwa. Kapteni jina lake, kijana, wa rangi ya kahawia, masikio yameanguka. Mimi ni Mkamba wa Kangundo, na kwetu mbwa hulala nje na mbuzi, akitaka kukojoa hamuulizi mtu. Lakini huyu alikuwa amefundishwa. Alilala ndani, juu ya gunia kando ya charahani yangu, na akibanwa alikwenda mlangoni akakwaruza mara moja, akakaa chini, akangoja kwa adabu afunguliwe. (Nina shemeji ambao hawajafika hapo.) Mwenye nyumba alikubali akae kwa sharti kwamba asizurure uani, maana majirani zetu wengi walikuwa Waislamu na mfereji wa maji ulikuwa palepale, na kwamba nyumba isinuke. Tukasema sawa, Kapteni hana neno.

Na kweli hakuwa na neno. Mwenye neno nilikuwa mimi, na neno lenyewe lilikuwa Rosa.

Rosa alikuwa msichana kutoka Kakamega, mpangaji wa chumba cha pili kutoka chetu, amekuja Mombasa kusomea kupiga chapa. Mrefu, shingo ya kuvalia mkufu, na sauti ile ya kumfanya hata muuza makaa ampunguzie. Kapteni alimpenda mpaka ikawa aibu. Akisikia tu hatua zake langoni, mkia unapiga mlango, mwili wote unacheza. Mimi niliyempikia ugali na matumbo asubuhi na jioni nikiingia ninapata nusu ya mkia, tena kwa kuhesabiwa fadhila. Hilo ningelivumilia. Lakini kila jioni Kyalo alimfunga Kapteni kamba akamtoa kutembea, na kila jioni walirudi watatu: mume wangu, mbwa wangu, na Rosa katikati, wanacheka.

Sasa muelewe, Kyalo si mtu wa kucheka. Nyumbani anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Mara ya mwisho nilipomchekesha mimi ilikuwa siku ya harusi yetu, na hata hapo sikusema kitu cha kuchekesha, nilijikwaa tu kwenye gauni. Na sasa namsikia kutoka huko langoni anacheka na mtoto wa watu, nami nimekaa kwenye kistuli changu napinda leso, naikanyaga charahani kwa hasira mpaka sindano zinavunjika. Niliumwa, msiniulize wapi, niliumwa kila mahali. Nilikuwa na hakika kwamba mume wangu anachukuliwa mchana kweupe na kamba ya mbwa ndiyo inayomvuta.

Kazi yangu ilikuwa hiyohiyo ya leso. Nilifanya kwa Bi Zuhura, mama wa Mji wa Kale mwenye duka Biashara Street, mwenye moyo mwema na ulimi usio na breki. Wateja wakinunua leso zao mbili zilizoungana, mimi nakata katikati na kupinda ncha. Bi Zuhura alijua kwamba nyumbani nina mbwa na alikuwa ameniwekea sharti lake mapema. "Kijibwa chako kikikulamba, usinishikie leso zangu hata ukoge," aliniambia, na akanitengea gauni la kazini lililokuwa halitoki dukani.

Basi nikafanya kile wanachofanya wanawake wote wa pwani wakiwa na jambo na mtu: nikatafuta leso ya kusema kwa niaba yangu. Nikaipata moja, nyekundu na nyeusi, maua makubwa ya korosho, na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini, lilikuwa kijembe cha kumwambia hasidi kwamba atahangaika bure na hatapata kitu. Nikajifunga, nikasimama uani saa ile anayorudi Rosa, nikampa mgongo makusudi ayasome vizuri. Akayasoma. Akasema, "Dada Ndunge, hiyo leso inakupendeza! Umeipata wapi?" Wiki haikuisha, akaja dukani kwetu akanunua ileile, nikampindia kwa mkono wangu mwenyewe, na jioni nikamwona anaingia langoni na mume wangu, amejitanda kijembe changu.

Hapo ndipo papa anapoingia. Kaka yake Bi Zuhura alimletea papa mkavu kutoka Lamu, na yeye kwa wema wake akanikatia kipande kikubwa, akakifunga kwa gazeti akaniambia nikampikie mume wangu kwa nazi. Nilikuwa nimeshakula papa mara nyingi kwa Bi Zuhura, mtamu, lakini mezani tu, sikuwahi kuingia jikoni kuona anavyoanza. Tena Kyalo hawezi harufu yake. Nikamviringisha papa kwenye leso kuukuu, nikamficha ndani ya kikapu changu cha nguo kando ya charahani, nikisema siku Kyalo akiwa na zamu ndefu nitajipikia peke yangu.

Usiku ule, karibu na kulala, nimekaa kwenye kistuli napinda, nikahisi kitu kizito gotini. Kidevu cha Kapteni. Tangu aje hajawahi kuniwekea kidevu. Akanitazama machoni, akainua mkono mmoja akauweka juu ya paja langu, na haki ya Mungu nilitaka kulia, maana ilikuwa zamani sikutazamwa hivyo na mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Nikatia mkono kikapuni, nikachana kipande, nikampa. Akakila, akanilamba vidole, akalala juu ya miguu yangu badala ya gunia lake. Nikasema moyoni, Rosa, kwa huyu umeshindwa, na mwenye kamba atafuata.

Asubuhi tukakuta gunia limelowa. Kapteni alikuwa amejibanza chini ya kitanda, masikio yamelala, anaona haya kutuzidi. Kyalo akasema labda ni joto (ulikuwa wakati wa kaskazi, maji yote ya karai la mbwa yalikuwa yamekwisha), tukaosha sakafu, yakapita. Usiku wa pili nikampa papa tena, kubwa kidogo. Asubuhi, dimbwi. Usiku uliofuata, mlangoni, yaani masikini alikwaruza na sisi tumelala fofofo, mpaka yakamshinda. Mtu mwenye akili angeshaanza kujumlisha. Mimi nilijumlisha nikapata Rosa.

Kwa sababu hebu fikirini nilivyokuwa nafikiri: huyu mbwa alikuwa hana kasoro, anatoka jioni na msichana yule, anarudi, usiku anajikojolea. Anapewa nini huko? Hapa Mombasa kila mtu amesikia habari za limbwata, ile dawa ya kumlisha mwanamume akili zihame amfuate mtu kama kondoo, nami nikajiambia anaijaribia kwa mbwa kabla hajampa mwenyewe. Nikawa nampikia Kyalo huku namchunguza kama anakojoa sana. Na ili Kapteni asizidi kuvutwa huko, nikaongeza papa. Kipande cha Bi Zuhura kilipokwisha nilikwenda mwenyewe sokoni Marikiti, nikanunua mwingine.

Papa akiongezeka, maji yaliongezeka, na maji yakiongezeka ikabidi Kyalo amtoe Kapteni mara mbili jioni, kisha mara tatu, na matembezi yakawa marefu kwa sababu mbwa alisimama kila nguzo ya umeme. Na nani huyo wanarudi naye? Mimi mwenyewe kwa mkono wangu nilikuwa namrefushia Rosa matembezi na mume wangu, na kila nikiona yamerefuka, nazidi kuchana papa.

Halafu leso za harusi. Bi Zuhura alinipa mzigo wa leso za bibi harusi nikazipinde nyumbani, mpya, bado ngumu kwa ile wanga ya dukani inayofanya leso ipige kelele ukiikunja. Nikaziacha juu ya kikapu. Asubuhi Kapteni alikuwa amezimaliza kwa mkojo. Ningeweza kufua nikanyamaza, lakini leso za kwenda kuvaliwa na Waislamu, watu wataswali nazo, roho haikunipa, nikamwambia Bi Zuhura. Hakunipigia kelele. Alinipeleka ua wa nyuma wa duka, akanipa karai na udongo, akaketi kwenye kiti kunisimamia: kila leso mara saba, na mojawapo kwa udongo, wateja wanachungulia kutoka dukani kuuliza huyu anafanya nini. Leso zikatoka twahara na zikatoka tepetepe, bibi harusi akazikataa, nami nikakatazwa kuchukua kazi nyumbani. Tangu siku hiyo nikawa nabaki dukani mpaka usiku unaingia, huku Ganjoni wako watatu barabarani.

Kyalo akampeleka Kapteni kwa daktari wa mifugo. Mimi nilikuwa kazini. Aliyemsindikiza ni Rosa, kwani ndiye aliyeijua ofisi ilipo. Daktari akampima, akasema hana ugonjwa, wachunguze anakula nini. Kyalo akaja kuniuliza mbwa anakula nini, nikamjibu ugali na matumbo, kama anavyojua. Papa hata hakunijia akilini, maana kwangu hakuwa chakula, alikuwa mapenzi. Nikamwambia aulize kwanza wanaomlisha huko nje. Akarudi kwenye gazeti lake.

Jumamosi ikafika zamu yangu ya kupokea jumuiya, ile ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kusali rozari. Nilisugua sakafu kwa ndimu na sabuni ya kipande tangu alfajiri. Wakaja akina mama, akaja Mama Kadzo, mwenyekiti wetu, Mrabai mtu mzima aliyekaa Mombasa tangu usichana wake, akaja na Rosa, amejifunga ile leso. Viti vikajaa, mimi nikakaa kwenye kistuli changu cha kazi kando ya kikapu. Soda zilikuwa kwenye ndoo ya maji ya barafu karibu na mlango, na Kyalo alikuwa tayari na sinia na gilasi. Tulisali vizuri. Tulipomaliza, Rosa akampapasa Kapteni kichwani, na Mama Kadzo, pua yake nzuri, akauliza huyu mbwa bado hajapona?

Ningesema bado, yakaisha. Lakini niliuona ule mkono juu ya kichwa cha mbwa wangu.

"Mama Kadzo, ugonjwa wa mbwa huyu una mwenyewe," nikasema. "Kuna mtu humu anamlisha vitu barabarani jioni. Na anayelisha mbwa wa mtu hashindwi kumlisha na mume wa mtu."

Wote wakamgeukia Rosa, kwa hivyo msiniambie kwamba ni mimi peke yangu niliyekuwa nimehesabu wale watatu.

"Dada Ndunge, unanisema mimi?" akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Nimetaja jina?" nikamjibu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kikapuni.

Sasa, kwa Kapteni, mimi nikiwa kwenye kistuli na mkono wangu ukiwa kikapuni, hiyo ilikuwa na maana moja tu. Akainuka kutoka miguuni pa Rosa. Akaja moja kwa moja, akaniwekea kidevu gotini, akainua mkono akauweka pajani, kama kila usiku. Nikamsukuma. Akadhani nimesahau. Akatia kichwa kikapuni mwenyewe, akachakura, akatoka na ile leso kuukuu mdomoni, akaitikisa, na papa wa Marikiti akadondoka katikati ya jumuiya, harufu yake imemtangulia.

Mama Kadzo akainama, akaokota kipande, akakigeuza. "Papa huyu. Mbona mkavu hivi? Humuloweki?"

"Kumloweka vipi?" nikauliza. Nilikuwa sijui.

"Mwanangu, papa hulowekwa kutwa kucha, ukamwaga yale maji ukatia mengine, ndipo utie chunguni. Hii ni chumvi tupu. Wampa saa ngapi?"

"Akienda kulala," nikasema, na maneno yalikuwa yameshatoka nilipoyasikia.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi, maana Kapteni alikuwa ameshameza kipande alichokiwahi na amekwenda kwenye ndoo ya soda. Akanywa. Tukamtazama anakunywa. Akanywa kwa muda mrefu, chupa zinagongana, akapumua, akaendelea, na kila tulipodhani amekwisha alikuwa anabadilisha upande tu. Kisha akaenda mlangoni, akakwaruza mara moja, akakaa, akangoja kwa adabu.

Aliyeanza kucheka ni Kyalo. Alicheka mpaka akaliweka sinia chini, akashika ukuta, machozi yanamtoka, na akina mama wote wakamfuata. Miezi mizima nimetamani kumchekesha mume wangu, jamani, na siku nilipofaulu nilitaka sakafu ipasuke inimeze.

Rosa hakucheka. Alikunja rozari yake, akaitia mfukoni, akapita katikati ya watu akaenda chumbani kwake. Kicheko kikafa chenyewe. Mama Kadzo akanisogelea akaniambia polepole, ili wengine wasisikie, kwamba yule mtoto hutoka darasani giza limeshaingia na njia yake inapita kwenye magodauni, na kuna jioni vijana walimkaba pale wakamchania blauzi, na yeye Mama Kadzo ndiye aliyemwomba Kyalo amtoe mbwa saa zile ili amngojee barabarani.

Wageni walipoondoka nilimuuliza Kyalo mbona hakuniambia.

"Nilikwambia siku ileile," akasema. "Ulikuwa unakanyaga charahani. Ukasema haya." Akaanza kuokota gilasi. "Na kila jioni ukiwepo nakuuliza, tunatoka, utakuja? Unasema una kazi."

Ni kweli. Kila jioni aliniuliza, amesimama mlangoni na kamba mkononi, nami kila jioni nilisema nina kazi, nikabaki nyumbani kuumia kwamba wameniacha.

Nilikwenda kugonga kwa Rosa. Alifungua, macho mekundu. Sikuwa na maneno mengi, nilimwambia nimekosa, na kwamba Jumatatu nitakuja kumngojea mimi na Kapteni. Akauliza, "Na Bwana Kyalo?" Haki ya Mungu, hata hapo, baada ya yote yale, kitu kilinichoma hapa kifuani. Nikakimeza. Nikasema naye akitaka aje. Na akaja, tukawa wanne, na nikajua wanachocheka kila siku: walikuwa wanamcheka Kapteni anavyomwogopa paka mmoja wa pale kwenye duka la mkate. Hilo tu. Nami nikacheka.

Bi Zuhura nilipomsimulia alicheka mpaka akakalia gora la kitambaa, halafu akakasirika kwa dhati kwamba papa wa kaka yake ameliwa na mbwa, na kwa muda mrefu hakunipa tena hata dagaa. Kapteni alipokosa papa alikauka mara moja, gunia lake likawa safi, na mimi nikarudia kupata ile nusu ya mkia. Nimeapa sitamhonga tena kiumbe yeyote ili anipende, awe na miguu miwili au minne, na papa wangu siku hizi namloweka kutwa kucha na kumla mwenyewe, kwa nazi.

Rosa aliolewa, akahamia Changamwe, lakini alikuwa akija kututembelea. Nilipowaona kwa mara ya kwanza yeye na mwanawe, Kapteni alifika kwao kabla yangu kama kawaida, na Rosa akageuka kumzuia asimrukie mtoto. Alikuwa amembeba mgongoni kwa ileile leso nyekundu na nyeusi, imefifia, pindo zangu bado zimeshika, na yale maneno ya kumwambia hasidi yamelala wazi chini ya miguu midogo ya mtoto. Hajui mpaka leo kwamba niliyavaa kwa ajili yake. Nikayasoma yote, taratibu, nikasema karibuni ndani.